Asili ya Siku Kuu ya Krismasi

 

Kila ufikapo mwezi wa Desemba, kaskazi ikiwa imeshaanza kuvuma na jua la mchana likichoma, maduka ya mji hupambwa kwa miti ya bandia na pamba iliyotawanywa mfano wa theluji, na katika wapitao njiani ni wachache mno walioiona theluji kwa macho yao. Na pamoja na mapambo hayo huja maneno ya barazani. Wako wasemao: hii ni siku aliyozaliwa Nabii Isa alayhi ssalaam, nasi twamwamini Nabii Isa, basi siku hii ni yetu sote. Na wako wasemao: hasha, hii ni ibada ya jua, Manasara wameirithi kwa waabudu masanamu, wala haimhusu Isa kamwe. Wote wawili husema kwa yakini, na ukimwomba mmoja wao dalili hukuambia kuwa jambo hili lajulikana na kila mtu.

Nasi tumeona kuwa jambo la taarikhi haliamuliwi kwa sauti kubwa. Kwa hivyo tumelifanya kuwa somo la darsa yetu, na haya ndiyo tuliyoyapata.

Twaanza kwa majina. Neno Krismasi limetujia kwa Kiingereza, na maana yake ni misa ya Kristo, yaani ibada ya kanisani inayosaliwa kwa ajili yake. Ndugu zetu wa Kongo husema Noeli, nao wameichukua kwa Wafaransa. Na asili ya neno hilo ni la Kilatini lenye maana ya kuzaliwa. Waarabu husema Milad, kuzaliwa vile vile, na kwa neno hili huhisabiwa miaka ya Miladia tunayoiandika katika barua zetu na hati zetu za mashamba na nyumba.

Sasa tutazame katika vitabu vya Manasara wenyewe. Injili walizo nazo ni nne. Ya Marko na ya Yohana hazisimulii kisa cha kuzaliwa. Za Matayo na Luka ndizo zinazokisimulia, na ndani yake hamna siku wala mwezi. Tena katika mwaka kuna mushkeli, kwani Matayo asema kuwa Isa alizaliwa katika siku za mfalme Herode, na wanazuoni wengi wa taarikhi wasema kuwa Herode alikufa mwaka wa 4 kabla ya Miladia. Na Luka ataja khabari ya kuhisabiwa watu alipokuwa Kirenio ndiye liwali wa Shamu, na hisabu ya Kirenio ijulikanayo ilikuwa mwaka wa 6 baada ya Miladia. Hii hisabu ya miaka ya Miladia yenyewe ilitungwa mwaka wa 525, na mtawa mmoja wa Roma jina lake Dionysius, naye alikosea kwa miaka michache. Kwa hivyo hata mwaka tunaouandika juu ya kila karatasi haukusimama pale ulipodaiwa kusimama.

Wako wanaotoa dalili katika maneno ya Luka kuwa usiku ule wachungaji walikuwa nje makondeni wakilinda kondoo zao. Husema: Bethlehemu ni mji wa milimani, na Desemba huko ni wakati wa baridi na mvua, basi wachungaji hawangelala nje. Hoja hii si ya kutupwa, walakin haikati shauri. Mvua ndiyo iotayo majani, na mchungaji hulala palipo na mifugo yake, kuwe na baridi kusiwe. La yakini ni moja tu: Injili imenyamaza.

Na Manasara wa zamani nao walinyamaza. Katika karne mbili za mwanzo siku yao iliyokuwa kubwa ni Pasaka. Mwanachuoni wao mkubwa, Origen wa Iskandaria, aliyekufa karibu na mwaka wa 254, aliona kuwa kusherehekea siku ya kuzaliwa si desturi ya watu wema, kwani waliotajwa katika vitabu kuwa walisherehekea kuzaliwa kwao ni Firauni na Herode. Kabla yake, karibu na mwaka wa 200, Clement wa mji huo huo aliandika kuwa wako watu waliojaribu kuitafuta siku hiyo kwa hisabu; wengine wakapata tarehe 20 Mei, na wengine siku za katikati ya Aprili. Na kitabu kimoja cha hisabu ya Pasaka kilichoandikwa mwaka wa 243 kikaiweka tarehe 28 Machi. Katika hizo zote hamna Desemba.

Basi Desemba imetoka wapi? Hapa twamtaka msomaji awe nasi pole pole, kwani ndipo penye uzito wa somo.

Sisi watu wa pwani hii tuko karibu na mstari wa katikati ya dunia, na mchana wetu ni saa kumi na mbili na dakika chache, Juni na Desemba. Hatuoni mchana ukitupungukia. Lakini mtu wa Roma huona ajabu nyingine: tangu Juni mchana humpungukia kila siku, mpaka Desemba akawa na saa tisa tu za mwangaza na saa kumi na tano za giza. Kisha jua husimama, halafu mchana huanza kurefuka tena. Katika kalenda ya kale ya Warumi, siku ya kusimama huku kwa jua iliandikwa kuwa ni tarehe 25 Desemba, ingawa kwa kweli ilikwisha kusogea mbele siku chache. Kwa watu wanaohesabu kuni na nafaka zao ili wavuke baridi, siku hii haikuwa khabari ndogo. Na kabla yake kidogo, kuanzia tarehe 17 Desemba, Warumi walikuwa na siku kuu yao ya Saturnalia, siku za karamu na kupeana zawadi, na mabwana wakiwaandalia chakula watumwa wao.

Mwaka wa 274 Kaisari Aurelian alilijengea Jua hekalu kubwa mjini Roma, akaliita Jua Lisiloshindwa. Miaka arubaini baadaye mambo yakageuka: Kaisari Konstantino akawapa Manasara amani mwaka wa 313, akawa upande wao. Na huyu Konstantino ndiye aliyeamuru mwaka wa 321 kuwa Jumapili iwe siku ya mapumziko, na katika amri yake akaiita siku tukufu ya Jua.

Sasa twafika kwenye waraka wenyewe. Mwaka wa 354 mwandishi wa khati wa Roma, jina lake Filocalus, alimwandikia tajiri mmoja kitabu cha kalenda na orodha za namna nyingi: majina ya watawala, ya maaskofu, siku kuu za mji na siku za kukumbuka mashahidi wa kanisa. Nakala zake zimetufikia. Katika orodha ya mashahidi, juu kabisa, imeandikwa kuwa tarehe 25 Desemba Kristo alizaliwa Bethlehemu ya Uyahudi. Na wanazuoni wasema kuwa orodha ile ilitungwa kwanza mwaka wa 336. Hii ndiyo khabari ya kale kuliko zote tuliyo nayo ya siku kuu hii. Na katika kitabu hicho hicho, penye kalenda ya mji, siku hiyo hiyo ya 25 Desemba imeandikwa kuwa ni kuzaliwa kwake Asiyeshindwa, na kwa heshima yake magari ya farasi yatashindana mara 30. Wengi wamefahamu kuwa huyo Asiyeshindwa ni Jua.

Mtu wa barazani akisikia haya hupiga kofi na kusema: Je, sikuwaambia? Twamwambia: ngoja, ndugu yetu. Kitabu hiki kimetuonyesha siku kuu mbili katika tarehe moja, hakikutuambia ipi iliyotangulia. Kabla ya mwaka wa 354 hapana maandishi yanayotaja wazi kuwa Jua lilikuwa na siku kuu mjini Roma tarehe 25 Desemba. Hekalu la Aurelian lajulikana. Tarehe yake ya siku kuu katika zama zake haijulikani. Mwenye kusema kuwa kanisa lilichukua siku ya washirikina amesema jambo liwezekanalo sana, lakini amelisema kwa kukisia.

Na kuna kauli ya pili, ambayo barazani haisikiki kamwe. Manasara wa kale wa nchi za magharibi waliitakidi kuwa Kristo alisulubiwa tarehe 25 Machi. (Itikadi yetu sisi katika jambo la kusulubiwa yajulikana, hapa twasimulia tu.) Kisha wakaona kuwa mtu mkamilifu lazima miaka yake iwe kamili bila ya kupunguka siku, basi siku aliyoondoka duniani ndiyo siku aliyoingia tumboni mwa mama yake. Hisabu miezi tisa tangu tarehe 25 Machi, utafika tarehe 25 Desemba. Augustine, askofu wa Afrika ya Kaskazini aliyekufa mwaka wa 430, ameitaja hisabu hii. Na linalotia nguvu kauli hii ni kuwa mashariki wako walioihisabu siku ya kusulubiwa kuwa ni tarehe 6 Aprili, na ukiongeza miezi tisa wapata tarehe 6 Januari, nayo ndiyo siku kuu ya kale ya watu wa mashariki.

Wanazuoni wa Ulaya wameshindana kwa kauli hizi mbili kwa zaidi ya miaka mia. Katika mwaka mmoja, 1889, Mjerumani Hermann Usener alitoa kitabu kilichoutazama ushindani na ibada ya jua, na Mfaransa Louis Duchesne, naye ni padri, akatoa chake kilichoitaja hisabu ya miezi tisa. Mpaka leo hawajakubaliana. Rai yetu ni kuwa kauli mbili hizi haziko mbali kama wanavyodhani washabiki wake. Tarehe 25 Machi nayo ilikuwa ni siku ya jua katika kalenda ya Warumi, siku ya mchana na usiku kulingana. Ama kwa hisabu, ama kwa ushindani, mwendo wa jua ndio uliotoa tarehe.

Na makasisi wao hawakughafilika na khatari hiyo. Augustine aliwahimiza watu waitukuze siku ile si kwa ajili ya jua bali kwa ajili ya aliyeliumba jua. Papa Leo wa Roma, aliyekufa mwaka wa 461, aliwakemea Manasara waliokuwa wakipanda ngazi za kanisa kubwa la Petro, kisha kabla ya kuingia wakageuka wakaliinamia jua lichomozalo. Maana yake ni kuwa miaka mia baada ya kalenda ile, mambo mawili yalikuwa bado yamechanganyika vichwani mwa watu wa kawaida, na wanazuoni wao wakiyachambua.

Kutoka Roma siku kuu hii ilisafiri. Mwaka wa 386 Yohana Chrysostom, mhubiri mashuhuri wa Antiokia, aliwaambia watu wake waipokee, na akakiri kuwa haijatimia miaka kumi tangu ijulikane kwao. Ajabu ni Yerusalemu, mji ulio karibu na Bethlehemu kwa mwendo wa miguu: wao walishikamana na tarehe 6 Januari mpaka karne ya sita. Na kanisa la Waarmeni halijaiacha tarehe 6 Januari hata leo.

Msomaji ataka kujua kwa nini Wahabeshi, jirani zetu wa kaskazini, husherehekea tarehe 7 Januari. Sababu yake ni nyingine. Mwaka wa 1582 Papa wa Roma aliitengeneza kalenda kwa kuwa ilikuwa imechelewa nyuma ya jua, na nchi za Ulaya zikaifuata moja baada ya moja, Uingereza mwaka wa 1752. Makanisa mengi ya mashariki hayakuifuata. Hivi leo kalenda ya zamani iko nyuma kwa siku 13, na Desemba 25 ya zamani yaangukia tarehe 7 Januari. Makibti wa Misri na Wahabeshi wana miezi yao wenyewe, lakini hisabu yao ni ya kalenda ile ya kale, na siku yao huangukia hapo hapo. Serikali ya Misri iliifanya tarehe 7 Januari kuwa siku ya mapumziko ya nchi nzima mwaka wa 2002; na Ukraine, kwa sababu ya vita vyake na Urusi, ilitoa sheria mwaka wa 2023 kuihamisha siku ya mapumziko kutoka tarehe 7 Januari hadi 25 Desemba. Kalenda nayo huingia vitani.

Wala si kweli kuwa Manasara wote wameipenda. Huko Uingereza, kikundi cha watu wakali wa dini walioitwa Puritani kilisema: hatuoni amri ya siku hii katika Injili, basi ni uzushi wa Papa. Bunge lao likaipiga marufuku mwaka wa 1647, na watu wa mji wa Canterbury wakafanya fujo kwa kunyimwa siku kuu yao. Marufuku hayo yakaondoka aliporejeshwa mfalme mwaka wa 1660. Ng'ambo ya bahari, katika koloni ya Massachusetts, tangu mwaka wa 1659 hadi 1681 aliyeisherehekea alitozwa shilingi tano. Na Skotlandi haikuifanya siku ya mapumziko ya serikali mpaka mwaka wa 1958.

Mambo ya mti na mzee mwenye ndevu nyeupe hatutakaa nayo sana. Mti ni desturi ya Wajerumani. Khabari ya miti iliyopambwa majumbani yapatikana Strasbourg mwaka wa 1605, na Waingereza waliipenda khasa baada ya gazeti moja la London kuchapa mwaka wa 1848 picha ya Malkia Victoria na mumewe Mjerumani wameuzunguka mti wao. Mzee asili yake ni Nicholas, askofu wa Myra katika nchi ambayo leo ni Uturuki, aliyesifiwa kwa ukarimu wake. Mifupa yake ilichukuliwa na mabaharia wa Kitaliani wakaipeleka Bari mwaka wa 1087. Waholanzi wakamfanya mgawa zawadi wa watoto, na Wamarekani katika karne ya 19 wakamvika manyoya na kumpa gari la theluji. Wauza bidhaa wakamaliza yaliyobaki, nao ndio wanaotutandikia pamba madirishani.

Na kuna jambo moja la siku hii lililopita karibu na pwani yetu. Vasco da Gama alikuwa akipita pwani ya Afrika ya Kusini siku ya Krismasi ya mwaka wa 1497, na nchi ile ikapata jina la Natal, yaani Kuzaliwa. Miezi mitatu unusu baadaye, Aprili 1498, alitia nanga mbele ya Mombasa.

Hapo ndipo taarikhi inapokoma, na sasa turudi kwa wale wawili wa barazani.

Huyu wa kwanza, asemaye siku hii ni yetu sote kwa kuwa twamwamini Nabii Isa, hakulitazama jambo lenyewe. Ni kweli kuwa Qur'ani ina sura nzima kwa jina la mama yake, na humo mna kisa cha uchungu ulivyomshika Bibi Maryam chini ya shina la mtende, akaambiwa alitikise zimwangukie tende mbivu. Na sura hiyo ndiyo Jaafar bin Abi Talib aliyoisoma mbele ya Najashi, mfalme Mnasara wa Habash, mpaka akalia. Lakini siku kuu ya Krismasi haikufanywa kwa ajili ya kuzaliwa Mtume mwanadamu, mja wa Mwenyezi Mungu. Imefanywa kwa itikadi ya kuwa Mungu amevaa mwili. Hiyo ndiyo maana yake kwa wenyewe, na si adabu kumwondolea mtu maana ya siku kuu yake ili tupate njia ya kuingia karamuni.

Wako pia wanaoitumia khabari ya tende, wakasema: tende huiva mwisho wa kiangazi, basi Qur'ani imethibitisha kuwa hakuzaliwa Desemba. Ndugu zetu hawa twawaomba wapunguze mwendo. Wako wafasiri waliosema kuwa mtende ule ulikuwa mkavu, na tende zile zilikuwa ni karama kwa Bibi Maryam. Muujiza haufanywi kalenda.

Na huyu wa pili, mwenye kupiga kofi, tuna neno naye refu zaidi, kwa kuwa yeye hujiona mwenye elimu. Hoja yake ni hii: Isa hakuisherehekea siku hii, wala wanafunzi wake, wala watu wa karne tatu za mwanzo, kwa hivyo haina asili. Hoja ni nzuri. Lakini mwenye mizani lazima apimie na vyake.

Katika karne ya saba ya Hijra, katika mji wa Sabta, kwenye pwani ya Afrika inayoielekea Andalusi, alikuwako mwanachuoni jina lake Abul-Abbas al-Azafi, aliyekufa mwaka wa 633, sawa na 1236 Miladia. Aliwaona Waislamu wa mji wake na wa Andalusi wakisherehekea siku kuu za Manasara, na miongoni mwazo kuzaliwa kwa Isa, wakinunua vyakula na vitamu na kupeana zawadi kwa ajili yake. Yakamuudhi. Basi akaanza kuandika kitabu, Ad-Durr al-Munadhdham, kuwataka watu washughulike badala yake na kuzaliwa kwa Mtume Muhammad (S.A.W.), na mwanawe Abul-Qasim, aliyekuja kuutawala mji ule, akakitimiza na kuieneza sherehe hiyo. Yaani mojawapo ya milango ambayo Maulidi yaliingilia magharibi ya Uislamu ni kushindana na Krismasi.

Upande wa mashariki Maulidi yalikwisha kuwako. Makhalifa wa Kifatimi wa Misri waliyafanya katika jumba lao, kisha Mudhaffaruddin Kokburi, mtawala wa Irbil katika Iraki, aliyekufa mwaka wa 1233, akayafanya kwa karamu kubwa mno. Ibn Khallikan, aliye mwenyeji wa Irbil, ameeleza kuwa mtawala huyu aliyafanya mwaka mmoja tarehe nane na mwaka wa pili tarehe kumi na mbili za Mfunguo Sita, kwa sababu wanazuoni walikhitalifiana juu ya siku aliyozaliwa Mtume. Na ikhtilafu hiyo iko mpaka leo vitabuni, hata kama hapa kwetu kila mtoto wa chuoni atakutajia kumi na mbili.

Hatukuyaandika haya ili tuwashe moto wa mabishano ya Maulidi, ambayo pwani hii imeshayashiba. Twasema tu kuwa mtu akiibatilisha siku kuu ya jirani yake kwa kuwa haikuwako katika karne tatu za mwanzo, kisha akaitetea yake kwa kuwa ni jambo jema ingawa halikuwako katika karne tatu za mwanzo, huyo ana vibaba viwili, kimoja cha kununulia na kimoja cha kuuzia. Na jirani Mnasara aliyesoma ataviona.

Tarehe si silaha. Lau kesho litafukuliwa jiwe limeandikwa kuwa Isa alizaliwa tarehe 25 Desemba, Muislamu hangewajibika kuingia katika sherehe ya itikadi asiyoiitakidi. Na lau litafukuliwa jiwe limeandikwa Mei, Mnasara hangepoteza dini yake. Wanazuoni wao wamekwisha kuandika tangu zamani kuwa siku haijulikani. Tunalokhitalifiana nao ni tauhidi, na tauhidi haijadiliwi kwa magari ya farasi ya Warumi.

Limebaki swali la matendo, nalo ndilo tunaloulizwa mno na wazee wenye watoto katika skuli za serikali na wenye kufanya kazi maofisini. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wana siku mbili za michezo, akawaeleza kuwa Mwenyezi Mungu amewabadilishia kwa bora kuliko hizo, Idi ya Mfungo na Idi ya Kuchinja. Kwa ajili hiyo wanazuoni wamekataza Muislamu kuzifanya siku kuu za dini nyingine kuwa zake, na Ibn Taymiyya, aliyekufa mwaka wa 728 Hijria, ametunga kitabu kizima katika mlango huu. Basi mzazi asiuingize mti ule nyumbani kwake akasema ni pambo tu, wala mtoto asivikwe nguo za malaika kwa mchezo wa skuli unaomwonyesha Isa kuwa ni mwana wa Mungu. Amwendee mwalimu kwa upole na kumweleza; walimu walio wengi hufahamu wanapoelezwa kwa adabu, na huchukia wanapoelezwa kwa ukali.

Lakini ndani ya kitabu hicho hicho cha Ibn Taymiyya, ambacho wakali wetu hukitaja bila ya kukimaliza, imepokewa kuwa Sayyidna Ali alipelekewa zawadi siku ya Nairuzi akaipokea, na kuwa Bibi Aisha aliulizwa juu ya zawadi za Wamajusi katika siku kuu yao, akakataza kilichochinjwa kwa ajili ya siku hiyo na akaruhusu matunda. Basi jirani Mnasara akikuletea sahani ya matunda siku ile, ipokee, umshukuru, na siku ya Idi sahani yake isirudi tupu. Na Suratul-Mumtahina imetufunza kuwa Mwenyezi Mungu hatukatazi kuwatendea wema na uadilifu wasiotupiga vita katika dini wala kututoa majumbani mwetu.

Ama kumwamkia kwa siku kuu yake, wanazuoni wamekhitalifiana. Ibnul-Qayyim ameikataza kwa ukali, na katika zama zetu ofisi ya fatwa ya Misri imeijuzisha kuwa ni katika wema wa ujirani. Tunaloliona sisi ni kuwa mtu amwombee jirani yake heri, afya na uongofu kwa maneno yake mwenyewe, asitamke neno linalokubali itikadi ya siku ile, wala asipite mlangoni pake amenuna kama kwamba hakumwona. Wallahu aalam.